Natafuta mji wa baridi kidogo wa kuendeshea baiskeli, lakini nyumbani hatuelewani

Mpendwa Mama Mshauri,

Ninakuandikia saa kumi za alfajiri kwa mwanga wa tochi, kwa maana umeme ulikatika saa tano za usiku na tangu hapo sijafumba macho. Oktoba ya Lubumbashi unaijua, sina haja ya kukueleza: mvua bado haijakaa, vumbi la kiangazi chote lingali hewani, moshi wa mioto ya porini umelala juu ya mji, na chumba cha bati kina joto la tanuru hata usiku. Mimi ni mtu wa miaka 61. Nilistaafu Machi mwaka huu, na kwa miaka 33 nilikwenda kazini na kurudi kwa baiskeli, au kinga kama tunavyosema nyumbani. Swali langu ni moja na ni jepesi: mtu wa umri wangu, anayetaka kuendesha baiskeli kila siku bila kuunguzwa na joto wala kumeza vumbi, ahamie mji gani? Mengine nitakayoyataja ni ya kukusaidia kuelewa tu.

Naomba usinihesabu miongoni mwa wazee wanaostaafu leo na kesho wakaanza kutaka vitu vya vijana. Daktari ndiye aliyeniambia nijiepushe na vumbi na moshi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nisiache baiskeli, kwa sababu miguu yangu na moyo wangu vimeizoea. Kila Jumapili, kabla ya misa ya pili, nilikuwa nikienda Kipushi na kurudi, kilomita 30 kwenda na 30 kurudi, nikiondoka kabla jua halijachomoza. Sasa siwezi tena. Njia zote zinazotoka mjini zimejaa malori ya shaba na kobalti, na magari mengi madogo yanayoletwa kutoka nje yana usukani upande wa kulia, ilhali sisi tunaendesha mkono wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva anayetaka kulipita lori hamwoni anayekuja mpaka awe ametoa nusu ya gari lake. Anayekuja ni mimi. Mara mbili mwaka huu nimejitupa majanini. Mke wangu anajua, kwa sababu ndiye aliyeniosha vidonda, na bado anasema mbele ya ndugu zake kwamba ninataka kuivunja nyumba kwa ajili ya kinga.

Si kwa ajili ya kinga. Na kama ni kwa ajili ya kinga, basi hiyo kinga imemlisha kila mtu aliyekaa pale kunihukumu. Miaka ile mishahara ilipokuwa ikichelewa miezi na miezi, unaikumbuka, nilikuwa nikimaliza kazi Ijumaa, ninalala saa chache, kisha ninashika njia ya Kasenga kwenda kununua makala, yaani mkaa, kwa wachomaji, ninarudi na magunia mawili yaliyofungwa nyuma ya kiti, nikiisukuma baiskeli kwenye miinuko kwa mikono. Ada za shule zilitoka humo, na unga wa bukari, ugali wetu, pia. Lakini mwaka jana, mwezi kama huu, siku ya mahari ya binti yetu wa mwisho, niliombwa nikaiache baiskeli kwa jirani ili wakwe wasiione uani kwetu. Nilitii. Niliisukuma mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, nikaiegemeza nyuma ya jiko la jirani, na jirani, kwa wema wake, akaifunika shuka. Nilipoiona imelala chini ya shuka ile nilihisi kama nimemwacha mtu pale.

Nirudi kwenye swali. Nimelifanyia kazi kwa uangalifu, na ninakuomba unisahihishe nilipokosea. Jambo la kwanza ni urefu wa mahali. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai tunavaa makoti, lakini Septemba na Oktoba zinatuchoma. Kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopoa, kwa hiyo niliitafuta miji iliyo juu kuliko wetu. Kwanza nilifikiri Bukavu, kwa kuwa mama yangu alizaliwa huko. Mji ule uko karibu mita 1,500, kando ya Ziwa Kivu, na kwa kuwa ikweta iko karibu, joto lake halibadiliki sana kati ya mwezi na mwezi. Hauijui Oktoba tunayoijua sisi. Lakini mitaa yake imesimama kama ngazi, na hata ningekuwa na magoti ya kijana, hali iliyopo huko tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, unaijua, na sitamhamisha mtu yeyote kwenda mahali ambapo wenyeji wake wanalala wakisikiliza. Goma ni hivyo hivyo, na kule kuna pia mawe ya lava ya Nyiragongo, ya 2002 na ya 2021, ambayo yanafaa chukudu zao, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo, kuliko tairi nyembamba.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Rwanda, ipo njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, iliyopangwa kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Nimeiota njia hiyo. Septemba ya 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli ulifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, na Jumapili ya tarehe 28 nilikaa kwa jirani, jirani yule yule, tangu walipoanza mpaka Pogačar wa Slovenia alipofika wa kwanza baada ya kilomita zaidi ya 267 za vilima. Sikumtazama yeye sana. Niliwatazama watu. Walikuwa wamejaa pande zote mbili za barabara, akina mama na wazee na watoto wa shule, wanapiga makofi kwa sababu mtu anapanda mlima kwa baiskeli. Jirani aliniuliza kwa nini ninafuta macho, nikamwambia ni moshi. Hata hivyo Rwanda siiwezi, kwa jinsi mambo yalivyo kati yetu na wao. Ndugu wa mama yangu wasingenielewa, na mimi mwenyewe ningeona haya kuwaeleza.

Kwa hiyo nimefika Tanzania. Yupo dereva wa lori, mtu mwaminifu, anayekuja Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia, kila mwezi kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi amekuwa akifika kwangu kula. Njia yake inapita chini ya Iringa, kisha Makambako, Mbeya na Tunduma, ndipo inaingia Zambia kuja kwetu, na miji hiyo yote anaijua. Mbeya iko karibu mita 1,700, na anasema Juni wanaota moto ndani ya nyumba. Iringa iko juu ya kilima na barabara kuu inapita bondeni, Ipogolo, kwa hiyo mji wenyewe hauna msafara wa malori. Njombe iko juu kuliko Mbeya, katika barabara inayoachana na njia kuu pale Makambako na kwenda Songea, na kule kuna chai, viazi na parachichi, na baridi ambayo wao wenyewe wanailalamikia. Wanaendesha mkono wa kushoto, nalo nitajifunza. Zaidi ya yote wanasema Kiswahili. Chetu watakicheka mwanzoni, lakini nitaweza kuuliza bei ya mnyororo na kumsalimu mgonjwa bila mkalimani. Dereva amenipatia chumba na uwanja mdogo Njombe, na mwenye nyumba anangoja jibu langu.

Mke wangu anataka Kolwezi. Ninaliandika neno hilo kwa sababu nisipoliandika utadhani ninaficha. Ni kweli kwamba Kolwezi iko mita zaidi ya 1,400, na kwamba joto lake ni jepesi kuliko la hapa. Ni kweli kwamba ni karibu kilomita 300 tu kwa barabara, na hakuna mpaka wa kuvuka. Lakini Kolwezi ni machimbo matupu, malori usiku na mchana, vumbi jekundu mpaka kwenye chakula, na mtu aliyeambiwa na daktari ajiepushe na vumbi hawezi kwenda kuishi ndani ya shimo la shaba. Nilipomweleza hayo, mke wangu, ambaye hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake, alinijibu hivi: "Papa, vumbi la Kolwezi unaliogopa, na Mbeya je? Malori yanayokutupa majanini hapa si ndiyo hayo hayo yanayotoka huko?" Sikuwa na jibu, na ndiyo maana niliitafuta Njombe, ambayo haiko kwenye njia yao kuu. Alipoona nimepata jibu akanyamaza siku mbili, kisha akasema kwamba huko Njombe nitakwenda na kinga yangu, yeye atakwenda kwa mtoto wake.

Maana binti yetu anakaa Kolwezi na mumewe, na anatarajia kujifungua Desemba.

Sijakataa kumwona mjukuu, naomba uliandike hilo kama utaichapisha barua hii. Mkwe wangu ni kijana wa heshima, hajawahi kunikosea. Ila sasa nimekwisha kukuandikia mengi na usiku unaisha, kwa hiyo nitasema na lililobaki. Hapo juu nimesema niliombwa niifiche baiskeli, na kila mtu nyumbani anaamini kwamba walioniomba ni shemeji zangu, kwa sababu hao wamezoea kuninenea. Hata mke wangu anaamini hivyo, na amekwisha gombana na kaka yake mkubwa kwa ajili yangu. Si wao. Ni binti yangu mwenyewe. Alinipigia simu siku mbili kabla, sauti ndogo, akasema: "Papa, siku hiyo naomba kinga isionekane, watu wa kwao wasije wakasema nilizaliwa kwa muuza makala." Nikamjibu, "Sawa, mama." Sikusema neno lingine, na sijalisema mpaka leo.

Mtoto huyo nilimpeleka shule miaka sita kwa baiskeli hiyo hiyo, kutoka mtaani kwetu Katuba, ameketi nyuma juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne, ameshika mkanda wangu. Mvua ikinyesha nilimfunika turubai, na alikuwa akiimba humo ndani ili nijue kwamba hajalala. Wanafunzi wengine walikuja kwa miguu na viatu vyao vimejaa matope, yeye alishuka mkavu. Siku za makala sikumpeleka na baiskeli chafu hata mara moja. Nilikuwa nikiamka saa tisa kuiosha. Kwa hiyo sielewi ni lini aliyaona makala.

Mke wangu akiniuliza kwa nini sitaki Kolwezi, ninamtajia malori. Si uongo, malori yapo. Lakini usiku huu, nikihesabu tena mita za Mbeya na mita za Iringa, niligundua kwamba sijawahi kujiuliza kama pembeni mwa Kolwezi, nje ya machimbo, kuna njia ya udongo inayofaa baiskeli asubuhi, jambo ambalo mtu anayetafuta mahali kwa moyo mweupe angeliuliza la kwanza. Sitaki kuishi mbali na mke wangu. Tumekaa pamoja miaka 36, na wala siombi ruhusa ya kumwacha. Lakini pia siwezi kufika kwa binti yangu na baiskeli, niisimamishe mbele ya mlango wake, nikingoja nione uso wake. Na kufika bila baiskeli ni kuificha mara ya pili, safari hii kwa hiari yangu.

Kwa hiyo niambie, kati ya Njombe na Iringa upi unafaa zaidi kwa mzee aliyezoea barabara za tambarare, kwa sababu Njombe nasikia ina mabonde mengi na Iringa ina kilima kimoja kirefu cha kupanda kila unaporudi kutoka bondeni. Niambie pia, kama unaona inafaa, kama baba anaweza kumwambia mtoto wake jambo la namna hii wakati ana mimba ya miezi saba, au angoje mtoto azaliwe, au alimeze. Na kama nikilimeza, je, nimwache mke wangu aendelee kununiana na kaka yake kwa kosa ambalo si lake?

Dereva atapita tena mwisho wa mwezi, na amekubali kuibeba baiskeli juu ya mzigo bila malipo. Jana nilitoa pedali na kugeuza usukani ili iweze kulala vizuri. Mke wangu alitoka, akasimama akitazama, kisha akaenda ndani akaleta kile kitenge cha zamani akakifunga mahali pa kiti cha nyuma, bila kusema kama ni kwa safari ya Njombe au ya Kolwezi, na mimi sikumwuliza.

Wako kwa heshima,
Baba wa Katuba, Lubumbashi