Mgeni wako akiumwa tumbo

Langoni, Lamu

Shoga yangu wa moyo,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo sote, khofu ni kwenu. Mama goti limetulia, watoto wamefunga skuli na wananizunguka mchana kutwa, na kaskazi imeanza kuvuma. Barua yako nimeipata, nimefurahi kusikia vyumba vyako vitatu vimekwisha kushikwa mpaka mwezi wa pili. Mola azidishe.

Umeniuliza mgeni akiumwa tumbo ufanye nini, maana unaogopa Wataliano watasema umewalisha sumu. Nikueleze yaliyompata yule mama wa Bologna, unamjua, yule anayependa kukaa darini na kofia yake.

Alianza usiku, baada ya isha. Nikasikia mlango wa choo, halafu tena, halafu kimya. Nilipogonga nikamkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, midomo imepauka, ndoo yangu ya kuogea kaikumbatia. Akanambia maneno ya kwao nisiyoyajua, lakini ndoo ilikwisha kunieleza. Kutapika na kuharisha kwa pamoja.

Kwa kiu aliyokuwa nayo aligida glasi nzima ya maji, na yote yakarudi. Hapo ndipo watu husema tumbo halipokei kitu, wakaacha kumnywesha. Wewe usiache. Subiri kama dakika kumi, kisha anza na kijiko cha chai, kimoja, umpumzishe, kingine. Nilikaa naye nikimlisha ORS, ule unga wa paketi wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji, kijiko kijiko kama mtoto mchanga, mara atapike kidogo, mara akae nayo. Ukihesabu anachotapika na anachobaki nacho, utaona kinachobaki ni kingi kuliko unavyodhani.

Paketi zenyewe soma nyuma kabla ya kuchanganya, nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita. Watu hukoroga kwa kukisia, na hapo dawa inaharibika. Ule mchanganyiko Shirika la Afya Duniani waliupunguza makali mwaka 2002, sasa lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi, pamoja na potasiamu na sitireti. Sukari haikutiwa kwa utamu. Utumbo unapoipokea sukari, huipokea na chumvi pamoja nayo, na chumvi ikipita maji huifuata, hata kama mtu bado anaharisha. Ndiyo maana soda haifai: sukari imezidi mno, huyavuta maji tumboni. Madafu, najua utaniuliza, ni mazuri kwa potasiamu lakini chumvi yake ni haba. Mpe juu ya ORS, si badala yake. Ikiwa paketi hazipo na maduka yamefungwa, chemsha lita moja ya maji, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visiwe na kilima.

Asubuhi jirani, kwa wema wake, akaniletea mtu wa zahanati moja, sitaitaja, kaja na mkoba wake. Hakumshika mgonjwa hata mkono. Alisema tu ni taifodi, anataka kumtoa damu, amtundikie dripu mbili na sindano za antibiotiki siku tano, na bei akaitaja kwa yuro. Kwa yuro, shoga! Nikamshukuru nikamfungulia mlango. Kile kipimo cha taifodi cha haraka, Widal, watu wengi wa sehemu zetu hizi damu zao hutoa alama hata wakiwa wazima. Nusu ya Pwani ingekuwa na taifodi kila wiki.

Lakini mama hakuwa wa kukaa naye nyumbani. Mwili ulikuwa na joto, na tangu usiku hakwenda haja ndogo. Tukaenda hospitali ya kaunti, King Fahd, kwa miguu, maana unazijua njia zetu. Kila baraza tuliyofika aliketi, na wazee wakiinuka kumpisha bila kuuliza, mmoja akampepea kwa gazeti. Nakwambia yule mama alilia, na sidhani ni kwa ajili ya tumbo.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mpole. Maswali yake yashike, kwa sababu ukiwa nayo tayari kazi inakwenda upesi: ameanza lini, mara ngapi, kuna damu kwenye choo au hakuna, mkojo wa mwisho ulikuwa saa ngapi, kizunguzungu akisimama, na dawa anazokunywa kila siku. Hili la mwisho usilidharau. Mama alikuwa na vidonge vya presha, kimojawapo cha kutoa mkojo, na daktari akaamua kukisimamisha mpaka maji yamrudie mwilini. Mtu amekaukiwa, halafu anaendelea kunywa dawa ya kumkausha! Alikuwa pia na vidonge vya kufunga tumbo mkobani, mwanawe kamshauri kwa simu avinywe. Daktari akavikataa, kwamba penye homa au damu hufungi tumbo.

Akapimwa malaria. Mgeni mwenye homa Pwani hupimwa malaria hata kama anaharisha, maana malaria nayo huleta kutapika na kuharisha. Hakuwa nayo. Akadungwa sindano ya kuzuia kutapika na akatundikiwa chupa moja ya Ringer, maji ya dripu yenye chumvi, kwa sababu kweli alikuwa amekauka na vijiko vyangu havikutosha. Sisemi dripu ni mbaya, shoga. Ya asiyeweza kunywa ni haki yake. Anayeweza kunywa, ORS inamfanyia kazi ile ile. Antibiotiki hakupewa. Jioni alikuwa nyumbani anakunywa uji wa mchele na chumvi, na siku ya pili alitaka samaki.

Sasa la makaratasi, ambalo halina raha ila ndilo litakalokutoa jasho. Wataliano wengi watakutolea kadi yao ya afya, ile ambayo upande wa pili ni kadi ya Ulaya. Huku Kenya haifanyi kazi. Ni ya nchi za Ulaya. Kinachofaa ni bima ya safari. Siku mgeni anapoingia, unapoandika pasipoti yake, muombe namba ya bima na ile simu ya dharura inayopokelewa saa 24, uiandike kwenye daftari lako. Akilazwa, wapigiwe kabla, si baada. Wengine hukataa kulipa kwa kuwa hawakuarifiwa. Na hospitalini usiondoke bila ripoti yenye jina la ugonjwa na risiti yenye jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, kila dawa na bei yake, na mhuri. Ujumbe wa M-Pesa peke yake si risiti kwao. Ukiyafuata makaratasi hayo wiki ya pili, utaambiwa aliyeandika yuko likizo.

Kuhusu sumu. Mtu akianza kutapika saa chache baada ya kula, hapo chakula kina kesi, hasa kilichopikwa kikalala nje. Lakini virusi vya noro, vile vya kutapisha na kuharisha, huchukua saa 12 hadi 48 kabla ya kujitokeza, na bakteria wengine siku kadhaa. Mgeni aliyefika jana akaugua leo huenda alipanda nao ndege. Huyu wangu alikuwa amefika juzi yake, kala Cairo, kala Nairobi, kala kwangu. Mimi sikubishana naye wala sikujitetea, na hakunilaumu. Nilichofanya ni kuosha choo na sakafu kwa jiki, na kumwambia msichana wa jikoni anawe kwa sabuni na maji. Ile jeli ya spiriti virusi vya noro haiviwezi vizuri. Mashuka yake tuliyafua kando kwa maji ya moto. Wageni wengine hawakuugua.

Nimemkabidhi binamu yangu, anakuja huko Alkhamisi kwa basi la asubuhi kutoka Mokowe, boksi la ORS za nusu lita na kipimajoto. Kipimajoto ni chako, boksi nusu umpe dada yako wa Shela ya huko kwenu, kwa ajili ya wanawe. Na mwambie watoto wadogo huongezewa zinki, aulize kliniki. Binamu atakudai achari ya ndimu, mpe, aliniahidi atanisazia.

Nisalimie Bi Mkubwa na watoto wote. Vyumba vikijaa zaidi ya vitatu, nitumie wageni, huku darini kuna upepo.

Wasalaam,
Shoga yako wa Langoni