Baada ya kuskani kipuri chako, kazi iliyobaki ni ipi?

Wateja wanaotuletea kipuri kilichochakaa, hasa cha pampu au mashine ya kusaga, mara nyingi hutuuliza kwa nini wasubiri siku kadhaa ilhali wameona kwa macho yao kwamba kuskani kwenyewe kumemalizika kabla hawajamaliza chai. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba skani huonyesha kipuri kilivyo leo, pamoja na kutu, mikwaruzo na sehemu zilizolika, wakati mkerezaji, yaani fundi anayechonga chuma kwa mashine, anahitaji kujua kilivyokusudiwa kuwa siku kilipotoka kiwandani.

Skana hurusha mistari ya mwanga juu ya kitu, kamera zake zikasoma jinsi mistari hiyo inavyopinda, kisha kompyuta ikakokotoa mahali ilipo kila nukta. Chuma kinachong'aa huutawanya mwanga huo ovyo, na mpira mweusi huumeza, ndiyo maana tunapulizia poda nyeupe kwanza. Ipo pia aina inayoyeyuka hewani yenyewe, ambayo tunaitumia kwa vitu visivyofaa kuoshwa. Ndani ya matundu marefu mwanga haufiki. Huko tunapima kwa venia, kifaa cha mkono cha kupimia vipenyo na kina, kama mafundi walivyofanya siku zote.

Nukta hizo, ambazo hufika mamilioni, huunganishwa kuwa wavu wa pembetatu ndogo ndogo, na kwa kawaida wavu huo huhifadhiwa katika faili la STL, muundo uliotolewa na kampuni ya 3D Systems mwaka 1987. Kwa mashine ya kuchapa maumbo faili hilo latosha, mradi wavu usiwe na matobo. Hata hivyo lina upungufu ambao huwagharimu watu: halitaji kipimo kinachotumika, kwa hiyo namba 120 inaweza kusomwa kuwa milimita au inchi, na tofauti ya hizo mbili ni mara 25.4. Kwa mkerezaji upungufu ni mkubwa zaidi, kwa sababu tundu la duara lililomo ndani ya wavu si duara hata kidogo, bali ni pembetatu nyingi zilizojipanga kulizunguka, na huwezi kuliamuru liongezeke kipenyo kwa nusu milimita. Ndipo tunapolazimika kujenga nyuso halisi juu ya wavu, yaani bapa, silinda, koni na nyuso zilizopinda, na kuzihifadhi katika faili la STEP, ambalo programu nyingi za usanifu wa mitambo hulifungua.

Hapo ndipo siku zinapokwenda. Chukua kiti cha beringi katika bodi ya pampu, yaani tundu ambamo beringi hukaa: skani inasema kipenyo chake ni milimita 52.11. Tukiichora namba hiyo kama ilivyo, tutakuwa tumenakili uchakavu. Beringi yenyewe, ikiwa bado ipo, imeandikwa 6205 ubavuni, na beringi ya namba hiyo ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha 52 na upana wa 15, popote iliponunuliwa. Kwa hiyo tunachora 52, na kwa kiwango cha H7, kinachoweka mipaka ya ukubwa wa tundu, tunaruhusu tundu hilo la bodi lifike 52.030, lakini lisipungue 52. Skana nyingi za mkononi zinaweza kukosea kwa milimita 0.05, kosa linalozidi nafasi yote tuliyoiruhusu. Ukubwa wa tundu hilo, basi, haukuamuliwa na skana. Uliamuliwa na namba iliyogongwa kwenye beringi.

Impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, nayo ina hila yake. Mchanga wa kisima hauli mapanga yote sawasawa, kwa hiyo tunatafuta lile lililosalimika zaidi, tunalijenga upya peke yake, kisha tunalizungusha kuuzunguka mhimili hadi idadi itimie. Tafadhali usikipige kipuri msasa wala kukijaza kwa kulehemu kabla ya kutuletea, hata kama kinakuaibisha. Alama unazozifuta ndizo tunazozisoma. Vilevile tuambie mapema kama kitasubiwa, yaani kutengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kwa kuwa alumini ikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1.3, na impela ya milimita 200 iliyotolewa kwenye kalibu isiyoongezwa ukubwa itapungua karibu milimita 2.6.

Si kila kazi inahitaji hayo yote. Mwenye mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, anayetaka kumbukumbu yake ibaki hatuna sababu ya kumnyooshea chochote, kwani alama za patasi na nyufa za mbao ni sehemu ya mlango wenyewe. Yeye tunampa wavu uliosafishwa tu, na bei yake huwa ndogo.

Kabla ya kukabidhi faili la kipuri, tunailaza modeli mpya juu ya skani na kupaka rangi: kijani pale zinapolingana, nyekundu pale zinapoachana. Mteja asishtuke akiona wekundu kwenye ncha za mapanga, kwa maana hapo ndipo tuliporudisha chuma kilicholiwa na mchanga. Wekundu ukitokea kwenye bapa la kufungia boliti ambalo halikuwa limechakaa, hilo ni kosa letu, na tunalirekebisha bila malipo.