Idi hii wale kwako

Mwanga, Kigoma

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, na migebuka imeanza kupatikana tena Kibirizi. Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma mara mbili. Kumbe wanao hawasalimiani tangu siasa ziwaingie, mmoja chama hiki, mwingine kile, na wewe umeamua Idi hii kila mtu ale kwake. Hilo la Idi ndilo lililoninyima usingizi.

Ngoja nikusimulie habari za Mama Violeta Chamorro wa Nicaragua, nchi ya Amerika ya Kati. Nilipokuwa nafundisha nilimtaja kwa sentensi moja tu, kwamba ni mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuwa rais katika bara zima la Amerika. Alipofariki mwezi Juni 2025, redio ilimweleza kwa kirefu, nikaanza kumsoma upya, na nikajuta kwamba wanafunzi wangu niliwapa kipande kidogo hivyo.

Mumewe, Pedro Joaquín Chamorro, alikuwa mhariri wa gazeti la La Prensa, na ukoo wa Somoza uliotawala nchi ile haukumpenda hata kidogo. Tarehe 10 Januari 1978 alipigwa risasi ndani ya gari lake, Managua, akienda kazini. Mwaka uliofuata Somoza akaanguka, mjane akaingizwa kwenye baraza la watu watano la kuongoza nchi. Hakumaliza mwaka. Aliona Wasandinista, wanamapinduzi waliomwangusha Somoza, wanajirundikia madaraka, akajitoa 1980, akarudi kwenye gazeti. Vita kati ya Wasandinista na Contra, waasi waliopewa fedha na Marekani, vikawaka.

Sasa nisikilize hapa, Zuhura. Alikuwa na watoto wanne. Pedro Joaquín akaenda upande wa Contra. Cristiana akawa kwenye La Prensa, gazeti la upinzani. Claudia akawa balozi wa serikali ya Wasandinista. Carlos Fernando akawa mhariri wa Barricada, gazeti la Wasandinista wenyewe. Watoto wa tumbo moja, na nje watu wanauana kwa ajili ya hayo hayo wanayobishania! Mama yao aliwaita wakala pamoja nyumbani kwake, na siasa zikabaki mlangoni. Hapo nilifunga kitabu, nikakukumbuka wewe.

Mwaka 1990 vyama 14, kuanzia wakomunisti hadi wahafidhina, vilimsimamisha yeye kugombea urais. Alikuwa amevunjika goti, akazungushwa kwenye mikutano akiwa amevaa nyeupe, na waliombeza kwamba ni mama wa nyumbani asiyejua kutawala hawakuwa wachache. Tarehe 25 Februari akamshinda Daniel Ortega, rais wa Wasandinista, kama asilimia 55 kwa 41. Akafuta sheria ya kuwachukua vijana jeshini kwa nguvu. Contra wakasalimisha silaha, na maelfu ya bunduki yakazikwa kwenye zege pale Managua, pakawa bustani ya amani. Mimi niliyesimama bandarini 2015 siku meli ya Liemba inashusha wakimbizi Warundi kutoka Kagunga, kina mama na vitoto mgongoni, najua thamani ya bunduki iliyozikwa.

Wenzake walimkasirikia sana alipomwacha Humberto Ortega, ndugu wa Daniel, aendelee kuongoza jeshi. Mimi naona alifanya sawa, kwa sababu jeshi lililokuwa na askari zaidi ya 80,000 lilipunguzwa hadi chini ya 20,000 bila vita kurudi. Kwenye uchumi sitakuficha: mfumuko wa bei aliukuta wa kutisha akaushusha, lakini watumishi wengi wa serikali walipoteza kazi, na umaskini ulibaki.

Alikabidhi madaraka tarehe 10 Januari 1997. Umeiona tarehe? Siku ile ile aliyouawa mumewe, miaka 19 baadaye.

Daniel Ortega alirudi madarakani 2007. Mwaka 2021 Cristiana na Pedro Joaquín wakakamatwa, Carlos Fernando akakimbilia uhamishoni. Mama mwenyewe alipelekwa Costa Rica 2023 akiwa mgonjwa, akafia San José akiwa na miaka 95. Familia ilisema atapumzika huko kwa muda, hadi Nicaragua iwe jamhuri tena. Inaniuma, shoga yangu. Hata hivyo wanawe wale wanne, waliogawanyika kama maadui, uzeeni mwake walikuwa upande mmoja.

Wapigie wanao wote wawili leo. Mwambie kila mmoja waziwazi kwamba mwenzake atakuwepo, asije akasema umemtegea. Mimi nakuja na treni siku mbili kabla ya Idi. Migebuka mikavu naleta, na mawese dumu la lita 5. Wewe tafuta mchele, na jamvi kubwa lile la marehemu mama yako litoe lipigwe jua.

Shogayo,
Mwajuma