Maleba ni taaluma, na huanzia jukwaa la shule

Kwa Mhariri,

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waingie Sekondari Pevu hapa Kenya mnamo Januari 2026, swali ambalo wazazi wenzangu hawachoki kuliuliza kuhusu mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ni moja tu: mtoto huyu atakula nini? Walimu wanapojibu humtaja mwimbaji, mwigizaji na mwanariadha, na mzazi hurudi nyumbani na wasiwasi ule ule, kwa sababu anajua jinsi wanaofanikiwa katika kazi hizo walivyo wachache. Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitaje kazi ambayo sijaisikia ikitajwa katika mikutano hiyo, nayo ni ya mbunifu wa maleba, yaani mavazi ya waigizaji, katika tamthilia za muziki, zile ambazo waigizaji husimulia kisa kwa kuimba na kucheza ngoma. Ninafundisha ushonaji, na kila msimu wa tamasha la drama la shule na vyuo ninawashonea wanafunzi, kwa hiyo jambo hili nimekuwa nikilifuatilia kwa karibu na kwa mapenzi makubwa.

Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa Paul Tazewell, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1964 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Mama yake ndiye aliyemfundisha kushona angali mtoto. Alipokuwa shule ya upili, shule yake iliigiza The Wiz, tamthilia ya muziki inayokisimulia kisa cha mchawi wa Oz kwa sauti na mienendo ya Wamarekani weusi, na kijana huyo akabuni maleba yake.  Shule ilimwamini mtoto mwenye sindano. Baadaye alikwenda New York kusomea mitindo katika chuo cha Pratt, lakini hakukaa. Alihamia chuo cha sanaa cha North Carolina, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha New York.

Naisisitiza hatua hiyo ya kuhama kwa sababu watu wengi huzichanganya kazi hizi mbili. Mbunifu wa mitindo hubuni nguo itakayonunuliwa na mtu asiyemjua. Mbunifu wa maleba hubuni nguo ya mhusika mmoja, katika kisa kimoja, chini ya taa zilizopangwa na mtu mwingine, na nguo hiyo inapaswa kumweleza mhusika huyo kwa hadhira kabla hajafungua kinywa. Kipaji cha kwanza kinaweza kumsaidia mtu katika cha pili, lakini masomo yake si yale yale.

Tamthilia ya kwanza ambayo Tazewell aliibunia maleba Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya maonyesho jijini New York, ilifunguliwa mwaka 1996, na akateuliwa kuwania Tony, tuzo kuu ya tamthilia za Broadway. Tuzo yenyewe aliipata mwaka 2016, miaka 20 baadaye. Katika kipindi hicho alibuni maleba ya tamthilia nyingi, zikiwemo The Color Purple na In the Heights, na alifundisha ubunifu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mnamo Machi 2025 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya ubunifu wa mavazi, kwa filamu ya Wicked, na Juni mwaka huo huo akapata Tony ya pili kwa tamthilia ya Death Becomes Her. Aliyezisoma habari za Oscar juu juu angeweza kudhani kwamba bahati ilimdondokea. Ukweli ni kwamba aliyepanda jukwaani siku hiyo alikuwa fundi mzoefu aliyepikika katika tamthilia za muziki tangu ujana wake.

Tony ya mwaka 2016 ilitokana na tamthilia ya muziki ya Hamilton, na inafaa kuitazama kwa makini kwa sababu inaonyesha mbunifu anavyofikiri. Kisa ni cha Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, na kinaimbwa kwa mtindo wa rap na waigizaji ambao wengi wao si Wazungu. Tazewell na mwelekezi Thomas Kail waliafikiana kwamba kuanzia shingoni kwenda chini waigizaji wavae mavazi ya karne ya 18, na kuanzia shingoni kwenda juu wabaki walivyo leo, na nywele zao wenyewe, isipokuwa wachache kama Mfalme George wa Uingereza. Kundi la wachezaji huvaa visibao na suruali za magotini za rangi ya karatasi iliyozeeka, na anayehitajika kuwa mwanajeshi huongeza koti la buluu tu. Kwa kuwa kundi zima lina rangi moja tulivu, rangi yoyote inayoingia huonekana papo hapo. Dada watatu wa ukoo wa Schuyler hutofautishwa kwa magauni: mmoja waridi lenye uchungwa, wa pili kijani cha bahari, wa tatu manjano. Hamilton mwenyewe, akishapata uwaziri wa fedha, huingia na suti ya hariri ya kijani. Na mwigizaji aliyekuwa Mfaransa Lafayette katika sehemu ya kwanza hurudi katika sehemu ya pili akiwa Thomas Jefferson, amevaa mahameli ya zambarau inayometameta, na hakuna mtazamaji anayehitaji kuambiwa kwamba huyu ni mtu mwingine kabisa.

Nyuma ya rangi hizo kuna hesabu ambazo mtazamaji hazioni, na kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa kazi. Mbunifu huanza kwa kuusoma mchezo na kuzisikiliza nyimbo zake, kisha huandaa jedwali la matukio yote: nani yuko jukwaani, amevaa nini, anatoka katika ubeti gani, na ana sekunde ngapi kabla ya kurudi akiwa mhusika mwingine. Michoro na vipande vya vitambaa vikishakubaliwa hupelekwa karakana, ambako mkataji hushona kwanza vazi la majaribio kwa merikani ya bei rahisi. Mwigizaji hulivaa, akaombwa anyanyue mikono, achuchumae, aruke, na avute pumzi ya kuimbia hadi mwisho, kwa kuwa vazi linalobana mbavu huiba sauti. Likikwama mkono unaponyanyuliwa, huongezwa kipande cha kwapani kama cha kanzu. Vifungo unavyoviona kifuani mara nyingi ni pambo, kwa sababu chini yake mna vibanio vinavyofunguka kwa mvuto mmoja. Shati na kisibao huweza kushonwa pamoja ili vivaliwe kwa mkupuo. Hutafutwa pia mahali pa kukificha kisanduku cha betri cha kipaza sauti, pasipoonekana na pasipomuumiza anayebiringika sakafuni.

Vazi hilo litavaliwa mara nane kwa wiki, katika joto la taa, na mtu anayetokwa na jasho kama mkimbiaji. Kwa hiyo kitambaa huchaguliwa kwa jinsi kitakavyofuliwa, na mishono huachiwa akiba ya kutosha ili vazi lipanuliwe au lipunguzwe atakapokuja mwigizaji mwingine.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ubadhirifu na kwamba nguo ya dukani ingetosha. Jibu lao lilitolewa zamani na Irene Sharaff, aliyebuni maleba ya West Side Story ilipofunguliwa Broadway mwaka 1957. Vijana wa magenge katika tamthilia hiyo walivaa jinzi ambazo Sharaff aliagiza zishonwe kwa kitambaa maalumu, zikatiwa rangi, zikachakazwa, zikatiwa rangi tena. Harold Prince, mmoja wa watayarishaji, aliona gharama ni kubwa mno, na jinzi hizo zilipochakaa aliamuru zinunuliwe za dukani. Baadaye aliutazama mchezo akajiuliza kwa nini hauvutii tena kama mwanzo. Akagundua kwamba jinzi za Sharaff zilikuwa za buluu nyingi zilizopishana kidogo kidogo, na mpishano huo ndio uliokuwa ukilipa jukwaa uhai wachezaji wanaporuka pamoja. Prince mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hiki, na namheshimu kwa hilo.

Kazi hii haikuwahi kuwa ya watu wa Ulaya na Marekani peke yao, wala haiishii kwenye sindano. Geoffrey Holder, mzaliwa wa Trinidad, alipata Tony mbili mwaka 1975 kwa The Wiz, moja ya uelekezi na nyingine ya ubunifu wa maleba, naye ndiye aliyeipamba tamthilia ile ile ambayo Tazewell angeishonea akiwa mwanafunzi. Mmarekani Julie Taymor naye alipata tuzo hizo hizo mbili mwaka 1998 kwa The Lion King, ile yenye wahusika kina Simba na Rafiki, ambayo barakoa za simba wake hukaa juu ya kichwa cha mwigizaji ili hadhira ione uso wa mtu na wa mnyama kwa wakati mmoja. Watu hawa wawili waliaminiwa kuushika mchezo mzima kwa sababu anayejua kuvisha hadithi anaijua hadithi yenyewe.

Kuhusu riziki, mbunifu wa Broadway hufanya kazi chini ya mkataba wa United Scenic Artists, chama cha wafanyakazi cha wabunifu wa jukwaa. Hulipwa ujira wa ubunifu, kisha malipo ya kila wiki kadiri mchezo unavyoendelea kuonyeshwa. Sidai kwamba mtoto wa Nakuru au wa Kilifi ataukuta utaratibu huo kesho asubuhi. Ninachosema ni kwamba kazi hii ina masomo yake, ngazi zake na haki zake, na kwamba wenzetu hawaihesabu kuwa msaada wa fundi wa mtaani anayeitwa siku mbili kabla ya onyesho.

Kwetu, shule nyingi hufanya hivyo hasa. Mwalimu huja na vipimo vya kukisia, au hukodi mavazi yaliyokwisha kuvaliwa na shule nyingine, na wanafunzi huyaona kwa mara ya kwanza asubuhi ya mashindano. Nimeshuhudia mwimbaji mzuri akishindwa kuifikia noti ya juu kwa sababu ya gauni lililombana kifuani, na mwamuzi akamlaumu kwa pumzi fupi. Lakini nimeshuhudia pia mwanafunzi wangu mmoja aliyeachiwa aamue mwenyewe. Katika wimbo wao bibi kizee alipaswa kukumbuka ujana wake na kuwa msichana tena bila kutoka jukwaani. Binti huyo alishona leso mbili, yaani kanga, mgongo kwa mgongo, moja iliyofubaa na nyingine mpya yenye rangi kali, akaziwekea vibanio mabegani. Mwigizaji aligeuka mara moja, akaipindua leso, na ukumbi mzima ukapiga makofi kabla ubeti haujaisha. Hakuna aliyemfundisha hila hiyo. Alipewa hadithi, kitambaa na muda.

Ninawaomba kwa hiyo walimu wakuu na walezi wa vyama vya drama wawakabidhi wanafunzi maleba tangu siku ya kwanza ya mazoezi, wakae na mwandishi na mwelekezi, na wapewe angalau fedha za merikani, rangi na uzi badala ya kulipia mavazi ya kukodi. Mafundi tupo tayari kuwasimamia. Ninaomba pia kwamba katika kijitabu cha onyesho, panapoandikwa jina la mtunzi na la mwelekezi, liandikwe na la mwanafunzi aliyebuni maleba, kwa kuwa jina hilo ndilo atakaloweza kulionyesha atakapoomba nafasi chuoni. Na wewe Mhariri, waandishi wako watakapokwenda kuripoti tamasha lijalo, nakusihi uwaagize waulize kila kundi ni nani aliyebuni maleba, na walichapishe jina lake pamoja na picha.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa ushonaji,
Mombasa