Barua kwa mpwa wangu: kabla hujaisifu au kuiponda shoo, sema ulikaa wapi

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na ubishi wenu nao umefika. Wewe unasema shoo ya AC/DC, bendi ya roki ya Australia, pale uwanja wa Wembley, London, Julai 2024, ilikuwa moto mwanzo mwisho. Mwenzako aliyekuwa uwanja huohuo, usiku huohuo, anasema alichopata ni ngurumo tu, maneno hakuyashika. Wa tatu hakwenda. Ameona video kwenye simu, na anatangaza kwamba mwimbaji wao, Brian Johnson, amekwisha. Nimeona nikujibu kwa barua ya wazi, maana ubishi wa namna hii unawagawa mashabiki wa kila bendi kongwe inayojaza viwanja.

Wewe na mwenzako mnasema kweli nyote wawili. Kinachokosekana ni kitu kimoja: hakuna aliyetaja alikaa wapi. Kwenye ukumbi mdogo hilo si neno. Kwenye uwanja wa viti 90,000 ndilo jambo lenyewe. Mle ndani hakuna shoo moja, zipo nyingi kwa wakati mmoja, na tiketi yako ndiyo inayoamua utasikia ipi.

Anza na mwendo wa sauti. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti hutembea mita 343 kwa sekunde. Aliyebanana na kizuizi cha mbele anaisikia dramu papo hapo. Aliye mita 150 kutoka jukwaani anaisikia sekunde 0.44 baadaye. Kibao chenye mapigo 120 kwa dakika kina nusu sekunde kati ya pigo na pigo, kwa hiyo huyo wa nyuma amechelewa karibu pigo zima. Ndiyo maana uwanja mzima ukipiga makofi, makofi hayakai pamoja, yanapita kama wimbi. Ndiyo maana pia midomo kwenye skrini hailingani na maneno: picha inafika mara moja, sauti bado iko njiani. Mtu akikwambia walipiga pleibeki, yaani muziki uliorekodiwa huku wakiigiza tu, muulize kwanza alikuwa umbali gani.

Spika kubwa zinazoning'inizwa kwa msururu kushoto na kulia mwa jukwaa haziwezi kuhudumia uwanja wote. Mafundi husimamisha minara ya spika ndani ya uwanja, mara nyingi mita 60 hadi 80 kutoka jukwaani. Mnara huo ukiachwa upige bila kucheleweshwa, aliye karibu nao atasikia kila neno mara mbili, kwanza kutoka mnarani, kisha kutoka jukwaani. Kwa hiyo fundi huuchelewesha. Mnara wa mita 80 unataka milisekunde 233, na wengi huongeza 10 hadi 20 ili sauti ya jukwaani itangulie kidogo. Sikio huifuata sauti iliyotangulia. Unahisi gitaa linatoka mikononi mwa Angus Young, mpiga solo wa bendi, kumbe nguvu kubwa inatoka kwenye mnara ulio pembeni yako. Ila hesabu ile imepigwa kwa mstari ulionyooka. Ukikaa kona ya uwanja, umbali wako hadi jukwaani na hadi mnarani haulingani tena na hesabu ya fundi, na maneno yanapandana. Mwenzako aliyesikia ngurumo, muulize kama hakuwa kwenye kona.

Kama hakuwa kwenye kona, muulize kama alikaa safu za mwisho za ghorofa ya chini. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, na bei yake mara nyingi ni kubwa. Ghorofa iliyo juu inakuwa kama mwavuli wa zege. Sauti nyembamba zinazobeba maneno hukatwa na ukingo wake, lakini besi hupenya na kujikusanya chini yake. Kabla ya kununua tiketi, angalia safu yako iko wapi kwenye ramani ya viti. Ikiwa imeingia chini ya mwavuli huo, afadhali safu za mbele za ghorofa ya juu. Utakuwa mbali zaidi, lakini hakuna kitu kati yako na spika.

Kule juu adui ni upepo. Ukivuma kwa vishindo, utasikia matoazi yakija na kuondoka kama redio inayotafuta stesheni. Hakuna fundi anayeweza kulitibu hilo, kwa hiyo usiliandike kama kosa la bendi.

Besi ina tabia yake. Spika za besi zikipangwa marundo mawili, kushoto na kulia, mstari wa katikati ya uwanja hupata besi nzito inayopiga kifuani, na pembeni hutokea sehemu ambako mawimbi ya marundo hayo mawili yanauana. Wimbi la besi la hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 5.7, kwa hiyo ukiwa sehemu ya kusimama na besi imepotea, sogea mita mbili au tatu kabla ya kulalamika. Safari nyingi za muziki siku hizi hupanga spika hizo mstari mmoja mbele ya jukwaa ili kupunguza tatizo hilo, lakini haliishi kabisa.

Na pale mbele kabisa, panapogombaniwa tangu alfajiri? Huko unanunua macho, si masikio. Spika zilizoning'inizwa zinapiga juu ya kichwa chako, na maneno unayapata kwa vispika vidogo vilivyopangwa ukingoni mwa jukwaa. Utaona jasho la Angus likidondoka kwenye gitaa, na hilo lina thamani yake, lakini usimwambie mtu wa ghorofa ya juu kwamba mwimbaji alifunikwa na gitaa. Mahali pazuri pa kusikia ni hatua chache mbele ya hema la fundi anayechanganya sauti, mita 30 hadi 50 kutoka jukwaani. Yeye anasawazisha kwa masikio yake, kwa hiyo anachokisikia pale ndicho kilichokusudiwa. Usikae nyuma yake, hema na mitambo yake vitakuziba.

Sasa nije kwa huyo wa video, maana yeye ndiye amenichoma. Maiki ya simu imetengenezwa kwa mtu anayeongea karibu nayo. Ikikutana na kelele za desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), programu ya simu huibana sauti: gitaa likipanda, sauti ya mwimbaji inashushwa pamoja nalo. Besi za chini hazimo. Na shabiki anayeimba hatua moja kutoka kwenye simu anasikika kuliko mwimbaji aliye mita 70. Hukumu iliyotolewa kwa ushahidi huo ni dhuluma.

Brian Johnson alizaliwa Oktoba 1947. Usiku ule wa Wembley alikuwa na miaka 76. Mwaka 2016 madaktari walimwambia aache viwanja au apoteze usikivu wote, na bendi ikamalizia safari ile ya muziki na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses. Alirudi jukwaani na AC/DC Oktoba 2023 kule California, tena akitumia vifaa maalumu vya masikioni. Sauti yake ni ya kukwaruza, iliyo juu sana, na koo la miaka 76 haliwezi kufanya kazi ile kwa saa mbili mfululizo kama la miaka 33. Bendi kongwe zina njia halali za kulilinda koo: kushusha tyuni ya magitaa nusu toni au zaidi, kupanga vibao vigumu mbali na vingine, na kumpa mpiga solo nafasi ndefu. Ile solo ya Angus karibu na mwisho, inayopita dakika kumi, ni burudani, na ni dakika kumi za mwimbaji kupumua na kunywa maji. Ukitaka kumpima kwa haki, sikiliza vibao vitatu vya kwanza, kisha vile vinavyofuata baada ya mapumziko kama hayo. Katikati ndipo koo huchoka, kwa mwimbaji yeyote wa rika lile.

Jambo moja ambalo mashabiki wa leo hawaliandiki vya kutosha ni rithimu. Anayejua muziki wa dansi wa kwetu anaelewa: solo inang'aa, rithimu ndiyo inayobeba nyumba. Malcolm Young, aliyeunda bendi hii Sydney mwaka 1973 pamoja na mdogo wake Angus, alifariki Novemba 2017, na gitaa lake la rithimu sasa linapigwa na Stevie Young, mtoto wa kaka yao. Msikilize Stevie mahali ambapo Angus amenyamaza. Gitaa haliyumbi, linakatwa pale linapotakiwa kukatwa, na ukimya kati ya pigo na pigo ni msafi. Shabiki atakayeniletea maelezo ya mkono wa kulia wa Stevie, nitamwamini katika mengine yote.

Masikio yako sasa, na hili nakuomba kama mjomba wako. Kipimo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unapungua nusu. Kwa desibeli 100 unabaki na dakika 15. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za 2022 kwa kumbi na matamasha, limeweka ukomo kwenye wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Ufaransa inaruhusu 102. Shoo yenyewe ni saa mbili na zaidi. Nunua vizibo vyenye kichujio, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 kwa usawa, muziki ubaki muziki. Vya sponji vinazuia zaidi lakini vinakula sauti nyembamba, na wengi huvivaa vibaya. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie sekunde 30 kivimbe. Kikibaki nje nusu, hakifanyi kazi. Masikio yakivuma asubuhi ya pili, yalizidiwa.

Usafiri sitaurefusha. Mfuko usizidi A4, pesa taslimu hazipokelewi ndani, na tiketi ihifadhi kwenye simu kabla ya kufika, maana mtandao huzidiwa. Ukitoka, wengi wanakimbilia kituo cha treni cha Wembley Park. Kutembea hadi kituo cha Wembley Central mara nyingi ni nafuu kuliko foleni. Na ukipita pale nje, kumbuka kwamba kwenye uwanja wa zamani uliobomolewa hapo ndipo mzaliwa wa Unguja, Freddie Mercury, aliposimama kuimba na bendi yake ya Queen kwenye tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985. Huu wa sasa ulifunguliwa 2007.

Shoo ijayo, mkikaa kusimuliana, kila mmoja aanze hivi: sehemu, safu, umbali kutoka jukwaani, upepo, na kama alivaa vizibo. Kisha ndipo aseme alichosikia, kwa jina la kibao. Umbali usiubahatishe. Mwishoni mwa shoo ya AC/DC mizinga hulipuka jukwaani. Tazama jukwaa lenyewe, achana na skrini. Ukiona mwale, anza kuhesabu hadi mlio ukufikie: robo ya sekunde ni mita 86, theluthi ni 114, nusu ni 171. Namba hiyo iandike juu kabisa, kabla ya neno lolote la sifa au lawama.

Mjomba wako