Nilitoa ushahidi wa jambo nisilo na yakini nalo: nimwambie baba mdogo?

Ndugu Mshauri,

Naandika kuhusu jambo ambalo limeninyima utulivu kwa miezi minne sasa, nalo limetokana na sentensi moja fupi aliyoitamka marehemu baba yangu siku chache kabla ya kufariki. Nilikuwa peke yangu kando ya kitanda chake. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Nimemalizana na ndugu yangu."

Ndugu huyo ni baba mdogo, ambaye miaka kadhaa iliyopita alimkopesha baba fedha za kujengea nyumba, wakakubaliana kwamba zitarejeshwa kwa awamu tano. Baada ya mazishi, katika kikao cha familia, suala la deni lilipoibuka nilisimama nikasema kwamba nilimsikia baba kwa masikio yangu akisema deni amelilipa lote. Baba mdogo aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Kama ndivyo alivyosema, basi yaishe." Yakaisha.

Wiki tatu baadaye, nikipanga karatasi za baba, nilikuta daftari lenye mwandiko wake. Awamu tatu za kwanza zimeandikwa tarehe na kutiwa alama ya vema. Ya nne na ya tano zina namba tu, na mbele yake hakuna kitu.

Tangu siku hiyo nimejihoji ni kipi hasa ninachokijua. Masikio yangu yalisikia neno "nimemalizana", na hilo sina shaka nalo. Lakini watu humalizana kwa kulipana, na pia humalizana kwa kupatana, au kwa mmoja kumsamehe mwenzake. Baba hakutamka neno "deni" wala neno "kulipa". Hayo niliyatia mimi, nikayatolea ushahidi kana kwamba niliyasikia. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba usiku wa kuamkia kikao kaka yangu aliniuliza, "Baba si alikwambia deni amelilipa?" nami nikajibu ndiyo. Sasa siwezi kutenganisha sauti ya baba na swali la kaka. Nimesoma kuhusu jaribio la wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974, ambapo watu walioneshwa filamu ya ajali ya magari, kisha baadhi yao wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana" na wengine "yalipopondana". Walioulizwa kwa neno zito zaidi walikadiria kasi kubwa zaidi, na baada ya wiki moja waliosema waliona vioo vilivyovunjika walikuwa wengi zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa wenzao, ilhali katika filamu hapakuwa na vioo vilivyovunjika. Hawakuwa waongo. Nami sikukusudia kusema uongo, lakini aliyeumia kwa kauli yangu hapati nafuu kwa sababu hiyo.

Mama anasema moyo wake unajua kwamba baba hakuwa mtu wa kuacha deni. Naiheshimu imani hiyo, kwani imejengwa juu ya miaka mingi ya kuishi naye, ila naona inatueleza tabia ya baba na haituelezi awamu mbili zilizobaki. Kaka anasema daftari haliwezi kushuhudia kile ambacho mwandishi wake hakukiandika, na kwamba huenda baba alilipa akiwa mgonjwa asiyeweza kushika kalamu. Hilo nalo linawezekana. Mimi ni mtu wa dini, nimeomba sana, lakini ninachopata katika maombi ni msukumo wa kusema kweli, si jibu la kweli yenyewe ni ipi.

Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa kivuli kuonesha kwamba hisi zetu zinaweza kutudanganya: jicho hukiona kimetulia tuli, lakini ukikirudia baada ya saa moja unakuta kimesogea. Mfano huo umenigusa kwa uchungu, kwa kuwa mimi sina namna ya kurudi kando ya kile kitanda nikamwuliza baba alimaanisha nini.

Aliye hai na anayejua idadi ya malipo ni baba mdogo, nami nakumbuka kwamba hakusema amelipwa; alisema yaishe. Je, nimwendee sasa na daftari mkononi, nimweleze kwamba nilichosikia ni neno moja na yaliyobaki niliyadhania, hata kama ataanza kuyatilia shaka yote niliyowahi kumwambia? Au nitafute kwanza ushahidi mwingine, kama stakabadhi au mtu aliyepeleka fedha, ili nisivunje mapatano ya familia kwa dhana mpya kama nilivyoyajenga kwa dhana ya kwanza? Na je, neno la baba mdogo nilipime vipi, ikiwa naye anategemea kumbukumbu kama yangu na fedha ni zake? Ana umri mkubwa, na kila wiki ninayongoja inanitia wasiwasi.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji waliowahi kulazimika kuirekebisha kauli yao mbele ya wazee.

Msomaji wako