Mhasibu Kafundishwa, Fedha Zimepotea: Kwa Nini Tunamtaka na Bosi Darasani

Lawama inayorudi mara nyingi ofisini kwetu hapa Tabora ni hii: "Tuliwaletea mhasibu wetu, mkamfundisha maadili, ada tukalipa yote, na bado fedha zimepotea." Mteja anayesema hivyo anajiona ametapeliwa, na uchungu wake tunauelewa. Lakini tukimuuliza maswali mawili, majibu huwa yaleyale. Nani huchukua taarifa ya benki? Mhasibu. Bosi akisafiri kwenda Dar es Salaam, hundi zinasainiwaje? Anaacha tatu au nne amezisaini tupu, zimo kwenye droo ya mhasibu.

Mwaka 1953, Mmarekani Donald Cressey alichapisha utafiti wake juu ya watu waliofungwa kwa kuiba fedha walizoaminiwa. Mafundisho yaliyojengwa juu ya kazi yake hutaja mambo matatu yanayokutana: shida ya fedha ambayo mtu anaona haya kumwambia mwingine, mwanya, na kisingizio cha kujitakasa moyoni, hasa kile cha "nakopa tu, mwisho wa mwezi narudisha". Darasa la maadili linakivunja kisingizio. Mwanya hauzibwi na mhasibu, kwa sababu wanaouacha wazi ni wenye saini.

Tuanze na kisanduku cha masurufu, yaani fedha taslimu za matumizi madogo ya ofisi. Kama kiwango ni shilingi 300,000, basi saa yoyote ukikifungua, noti na vocha zilizolipwa zikijumlishwa zifike 300,000 kamili. Ofisi nyingi hukuta humo vikaratasi: "Bosi 50,000", hakuna tarehe wala saini. Siku kikaratasi cha bosi kilipokubaliwa kuwa fedha, cha keshia nacho kilipata njia. Hesabu kwa kushtukiza angalau mara mbili kwa mwezi. Keshia azihesabu mwenyewe mbele yako, kisha nyote wawili msaini karatasi ya hesabu. Ukiwa na visanduku viwili au kaunta tatu, vihesabiwe vyote kwa wakati mmoja, la sivyo upungufu wa hapa utafunikwa na fedha za pale kabla hujavuka mlango.

Wizi unaowasumbua zaidi wenye maduka ya jumla na SACCOS ni wa kuzungusha stakabadhi. Mfano: Jumatatu mteja wa kwanza analipa deni la 480,000, keshia anaziweka mfukoni. Jumatano wa pili analipa 600,000; keshia anaandika 480,000 kwa jina la wa kwanza na 120,000 tu kwa jina la wa pili. Ijumaa wa tatu analipa 700,000. 480,000 zinakwenda kumaliza deni la wa pili, na wa tatu anaandikiwa 220,000. Benki zimeingia fedha, kila mteja ana stakabadhi yake mkononi, na shimo la 480,000 linahama tu kutoka jina hadi jina. Keshia wa namna hii hachukui likizo, anakuja hata akiwa na homa, na bosi anamsifu kwa bidii. Mpe likizo ya siku 10 mfululizo, mwingine akae kaunta. Chukua nakala za stakabadhi za wiki mbili, uzilinganishe na hati za kuweka fedha benki: jina, kiasi, tarehe. Kisha wapigie wadaiwa wenyewe simu uwatajie salio lao. Zoezi hili ni la saa tatu au nne, na linaliona shimo ambalo jumla ya mwezi hailioni.

Kwenye AMCOS za tumbaku, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, tuseme za Urambo, Kaliua au Sikonge, mwanya uko kwenye orodha ya malipo na makato ya pembejeo. Mkulima hajui aliandikiwa mifuko mingapi ya mbolea. Chagua majina 10, mpigie kila mmoja bila katibu kujua, umuulize alipokea kiasi gani na alikatwa nini. Kwa wazabuni, angalia namba za ankara. Ankara za miezi mitatu zikiwa 0041, 0042 na 0043, mzabuni huyo hana mteja mwingine duniani ila wewe. Namba yake ya simu ilinganishe na za wafanyakazi wako, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ihakikiwe kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Ankara ikishalipwa, igongwe muhuri wa IMELIPWA, isije ikalipwa tena mwezi ujao.

"Mbona mkaguzi huja kila mwaka?" Mkaguzi wa nje anakuja kwa kazi nyingine. Ripoti ya ACFE ya 2024, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, inaonyesha kwamba asilimia 43 ya kesi walizokusanya ziligundulika kwa mtu kutoa taarifa, na zaidi ya nusu ya watoa taarifa hao walikuwa wafanyakazi. Ukaguzi wa nje uligundua asilimia 3. Kwa hiyo mfagizi na dereva nao tunawataka waje kwa saa moja, wajue waseme kwa nani.

Sasa maadili yenyewe. Kanuni wanazofuata wahasibu waliosajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, ni tano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na umakini, usiri, na mwenendo unaolinda heshima ya taaluma. Kuzikariri ni kazi ya dakika tano. Kazi ngumu ni pale bosi anaposema, "Andika mauzo nusu, ya TRA hayo." Darasani mshiriki anaandika jibu lake kwa mkono: anaomba agizo liwe la maandishi, anaeleza kwa barua ni sheria gani itavunjwa, akipuuzwa anafika kwa mwenyekiti wa bodi, anatunza nakala, na saini yake haiweki. Usiri haumlazimishi kuficha uhalifu. Mhasibu anayeyafanya haya peke yake, huku bosi wake hajawahi kuyasikia, hurudi kazini akaonekana mkaidi, na tumewasikitikia wengi.

Ndiyo maana hatukubali ombi la "nusu siku, watu kumi, na vyeti". Ada yetu ina siku mbili za kukaa ofisini kwenu kabla ya darasa, tukipitia vocha, taarifa za benki na za lipa namba, kisha siku tatu za mafunzo yanayotumia vocha zenu wenyewe, majina yamefunikwa. Anayetaka cheti bila siku zile mbili anapata karatasi ya kutundika, na baadaye analipa uchunguzi, wakili na hasara yenyewe. Bei hiyo hatuipunguzi kwa sababu hatujui sehemu ya kazi ya kuiacha.

Ofisi yenye watu wawili nayo inawezekana. Keshia apokee fedha, mhasibu aandike vitabu, mwenye biashara asuluhishe hesabu za benki mwenyewe kila mwezi, yaani alinganishe vitabu na benki, kwa taarifa aliyoipokea moja kwa moja kutoka benki, si ile aliyoprintiwa na mhasibu. Malipo ya benki kwa mtandao, mmoja aandae na mwingine aidhinishe kwa simu yake, namba ya siri asimpe mtu hata akiwa safarini. Laini ya lipa namba isajiliwe kwa jina la biashara. Jioni yalinganishwe mauzo na taarifa ya laini, maana meseji ya kuonyeshwa kwenye simu ya mteja hughushiwa.

Siku ya kwanza njooni na taarifa za benki za miezi mitatu, kitabu cha stakabadhi kinachotumika sasa, na kisanduku cha masurufu kama kilivyo, kisijazwe. Mwenye saini ya hundi avilete mwenyewe.